Siku Nilipomdhamini Mwenyekiti Mbele ya Ukuta

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu huku kwetu karibu na Kapsoit hii hadithi tayari imeongezwa chumvi mpaka mimi nikaambiwa nililia (sikulia): niliaibika mbele ya wakulima wote wa kituo chetu cha chai, mama mkwe wangu akiwa amekaa mstari wa kwanza, na hakuna mtu aliyenisukuma.

Mimi nilisoma mpaka fomu four, nikazaa, nikachuma chai na mtoto nikimwachia jirani, halafu nikafanya kozi ya kutengeneza tovuti pale mjini Kericho, na mwenyekiti wa kituo akanipa kandarasi ya miezi mitatu niwatengenezee wakulima tovuti ya matangazo. Miezi mitatu ilikuwa inaisha. Siku ya mkutano mkuu ndiyo wangeamua kama naendelea ama narudi kwa kikapu cha majani chai. Mjue tu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kichwani mwangu, na ndiyo ilinifanya mjinga.

Sasa, tovuti ina ukurasa wa mbele wenye vibanda vidogo vidogo, kila tangazo na kibanda chake. Tangazo zima haliwezi kutoshea, kwa hivyo kuna kile kipande cha programu sisi huita helpa, unakipatia maandishi marefu, kinakata kinaacha herufi sitini za kwanza, kinaweka nukta tatu na "Soma zaidi". Kazi rahisi. Kasoro ni watu. Hawa watu wetu hawawezi kukwambia nyumba inaungua kabla hawajakusalimia! Kila tangazo linaanza Bwana asifiwe wapendwa wakulima, chamgei (salamu yetu ya huku), natumai nyote mko salama na familia zenu, na helpa ikishakata hapo, vibanda vyote saba vinasema kitu kimoja. Bwana asifiwe. Bwana asifiwe. Bwana asifiwe. Na kubonyeza "Soma zaidi" hawawezi, ni kama kidole kitawakatika.

Mama mkwe aliangalia simu yangu akacheka. "Mama Faith, hii kitu yako inasalimia tu? Lori linakuja saa ngapi haisemi?"

Iliniuma. Kwa hivyo asubuhi ya mkutano, nikinyonyesha na mkono mmoja, nikaandika helpa yangu mwenyewe: ruka sentensi mbili za kwanza, maana huku hakuna mtu huwa amesema kitu kwa sentensi mbili za kwanza, kisha chukua herufi sitini zinazofuata, bila kukata neno katikati. Nikaijaribu kwa matangazo matatu. Safi kabisa! "Lori la majani chai litafika saa nne." "Dawa ya kupe imefika." Nikajiona mhandisi.

Kile sikujua ni kwamba mwenyekiti naye, akiwa kwa pikipiki anakuja, alikuwa anaandika tangazo lake kwa simu, linaingia moja kwa moja kwa tovuti. Kuna mbolea ya wakulima ilipotea stoo (ya mama mkwe wangu ikiwemo, chai yake imekuwa njano mpaka unaihurumia), na watu walikuwa wananong'ona kuhusu yeye. Akaona ajibu kabla hajaulizwa. Aliandika hivi, na mimi sijaongeza kitu: "Bwana asifiwe wapendwa wakulima, chamgei nyote. Nimesikia kuna maneno yanazunguka. Mimi mwenyekiti wenu niliuza mbolea yenu yote kule Mulot, hivyo ndivyo maadui wa maendeleo wanasema, na huo ni uongo mtupu." Mtu anaandika namna hiyo kwa nini? Kwa sababu akishika kipaza sauti ama simu anajiona mbunge.

Tulikuwa kwa banda la kupimia majani, projekta imeazimwa shule ya sekondari, ukuta umepakwa chokaa. Mwenyekiti akasimama, ukuta ukiwa nyuma yake, tumbo mbele, akaniambia, "Fungua, mama, wakulima wajionee maendeleo." Nikafungua. Kibanda cha kwanza, picha yake akitabasamu, na maandishi makubwa kama mlango:

"Mimi mwenyekiti wenu niliuza mbolea yenu yote kule Mulot… Soma zaidi."

Banda lote likasoma. Mtoto wangu tu ndiye alikuwa anapiga kelele. Na huyu mtu, hajageuka hata kidogo, anatabasamu vile vile kama kwa picha, akasema, "Kama mnavyojisomea, mimi sina cha kuficha. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Haki ameungama!" mama mmoja akapiga kelele huko nyuma.

"Na anacheka! Ona meno!"

Hapo ndipo ningekaa. Ningekaa tu, ninyonyeshe mtoto. Lakini nikaona kandarasi yangu inaanguka na yeye, nikaruka na mtoto begani, nikasema kwa sauti ambayo hata Kericho mjini walisikia: "Hapana! Ni makosa yangu, ni helpa imekata maneno! Mwenyekiti hajauza kitu! Huyu ni mtu wa Mungu, mimi namjua, mimi namdhamini!"

"Unamdhamini na nini?" yule mama akauliza. Watu wakacheka. Nikabonyeza "Soma zaidi" ili ukuta wenyewe unitetee, na mtandao (wetu wa hapa, mnaujua) ukaanza kuzungusha kale kaduara.

Kaduara kakiwa bado kanazunguka, Wesley wa stoo akasimama. Kijasho kinamtoka. "Kama mzee ameamua kusema ukweli," akasema, "hata mimi nimechoka kubeba. Ni yeye alinituma. Nilifungua stoo ile siku nyinyi wote mlikuwa kongamano la kanisa, wakapakia kwa pick-up. Mimi nilipewa magunia mawili tu."

Mwenyekiti ndiyo akageuka. Akasoma ukuta. Na wakati huo huo, kama mtandao ulikuwa umelipwa, ukurasa ukafunguka na maneno yote yakatokea, mpaka pale mwisho, "na huo ni uongo mtupu". Wesley akasoma. Nilimwona akisoma, midomo ikitembea. Akakaa chini polepole, lakini neno limetoka, utalirudisha wapi?

Sitawaeleza kelele. Mwenyekiti aliondolewa hapo hapo kwa kura ya mikono iliyoinuliwa, akaambiwa mbolea irudi, akaondoka kwa miguu, ile pikipiki akaiacha pale pale. Mimi nikabaki nimesimama kando ya projekta, na yule mama wa nyuma, ambaye sasa ndiye alichaguliwa kushika kiti, akaniangalia juu mpaka chini. "Na huyu wa kudhamini, kandarasi yake?" Mtu akajibu, "Aende akadhamini kwingine." Wakapita kwa ajenda inayofuata. Hata sekunde kumi hawakunipa.

Jumatatu nilikuwa shambani, kikapu mgongoni, mstari mmoja na mama mkwe. Alichuma mpaka karibu saa nne. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Mashine yako ilisema ukweli. Wewe ndiye ulisimama kuifunga mdomo. Na ulijua ni mbolea yangu."

Ningesema nini, herufi sitini?

Kwa hivyo nyinyi wenye vyeti na mnaojiita watu wa tovuti, sikieni kutoka kwangu. Helpa ikikosea, sema helpa imekosea, ukae. Mimi nitarekebisha programu yangu, wala hamtaniona nikiona haya. Lakini mtu mzima, mwenye tumbo na kipaza sauti, sitasimama tena mbele ya watu niseme namjua. Simjui. Hata huyo mpya anayekalia kiti sasa, simjui.