Hodi ya Juu ya Paa

Marehemu baba alinichosha siku nyingi, Mungu amrehemu, lakini hakuna siku aliyonichosha kama ile tuliyopanda jumba la Mhindi.

Jumba lenyewe lilikuwa refu kuliko nyumba zote za Malindi ya wakati huo, kabla ya vita vya Mjerumani. Lilikuwa na ghorofa tatu, na juu yake paa la sakafu ambalo mtu aliweza kusimama akauona mji mzima umelala chini yake. Mhindi alikuwa muuza nguo, na jumba lake alilionea fahari kuliko nguo zake. Ukishanunua leso atakwambia, "Panda juu, ona." Watu wakapanda, wakashuka na maneno: nimeuona mto Sabaki, nimeiona Mambrui, nimeona mpaka mnara wa msikiti wake. Hayo ya Mambrui yakamfikia baba, na tangu hapo mimi sikuwa na raha.

Baba alizaliwa Mambrui. Huko ndiko alikosoma chuoni, ndiko alikomuoa mama, na ndiko alikomzika. Alikuwa na miaka mitatu hajavuka Sabaki, ati magoti hayamruhusu kuingia mtumbwini. "Nikauone mji wetu kwa mbali tu, mwanangu," akawa ananiimbia asubuhi na jioni. "Mara moja, kabla sijafa." Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, na ndimi mwanawe wa pekee. Ningemkatalia vipi?

Tena mwaka ule alikuwa amekuwa mgumu kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kwa sindano. Ghafla akaiacha, ati uzi wa siku hizi mbovu. Nikamnunulia uzi mwingine. Ati sindano mbovu. Nikanunua sindano. Ati joto! Nikamwambia, baba, joto la Malindi limeanza leo? Akanuna siku mbili.

Basi siku hiyo tukatoka. Kutoka kwetu hadi kwa Mhindi hata mate hayakauki mdomoni, lakini baba alikwenda kama anayesindikiza bibi harusi. Mkono wake haukutoka begani kwangu, akilivuta buibui langu mpaka nikaona litanivuka. Kila sauti iliyotoka barazani ilibidi asimame aiamkie, aulize habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe. Lahaula! Nilikuwa nimeacha mchuzi jikoni.

Tulipofika chini ya ngazi nikasema haya, tupande. Baba akasimama wima. "Tupande vipi bila hodi?"

Hiyo ni ada yetu, na si mbaya. Nyua za nyumba zetu ziko wazi juu, na wanawake hukaa humo vichwa wazi, wakifua, wakisukana. Kwa hiyo mwanamume yeyote apandaye mahali pa juu, hata mkwezi na mnazi wake, sharti apige ukelele kwanza ili wajifunike. Macho hayana pazia. Lakini wateja wa Mhindi walikuwa wakipiga hodi moja ya jumla, wakapanda. Baba hakutaka ya jumla. Alitaka kila ua umuitikie.

Akatoka nje, akakohoa, akapaza sauti: "Hodi wenye nyua! Tunapanda juu! Jisitirini!"

Ua wa kwanza ukaitika, "Tayari!" Wa pili ukaitika, na wa tatu. Ua wa nne, wa bibi mmoja mjane aliyekaa nyuma kabisa ya jumba, kimya. Baba akapiga hodi tena. Kimya. Mhindi naye kasimama na ufunguo mkononi, anataka kufunga duka akale. "Mzee, panda bas! Mimi nafunga!"

"Pana ua haujaitika," baba akasema.

"Baba, huenda hayumo!"

"Yumo. Nimesikia kata yake mtungini."

Jua lilikuwa utosini. Nikamwambia Mhindi angoje kidogo, nikazunguka mwenyewe mpaka kwa yule bibi, nimekunja uso kama ngozi ya kenge. Nikamkuta kakaa mkekani uani, kichwa wazi, nywele nyeupe zimelowa mafuta ya nazi, anasuka ukili bila wasiwasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, hukusikia hodi?"

"Nimesikia. Hata walio makaburini wamesikia."

"Sasa mbona huitiki? Tunaungua na jua!"

"Nijisitiri nisionwe na nani? Babako haoni."

"Ala! Bibi, angalia maneno yako."

Hakuacha kusuka. "Juzi kapita barazani kwangu, kauamkia mtungi wa maji. Kauuliza na hali ya watoto. Ikabidi nimuitikie mimi, kwa niaba ya mtungi. Babako anajua huu mchana na huu usiku, basi. Hukujua?"

Ukanijia uzi mbovu, na sindano mbovu, na lile joto. Zikaja na zile salamu za njiani, kila moja kwa mwenye sauti, wala hata moja kwa aliyenyamaza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikamkasirikia baba kwa kunificha, na nikajikasirikia zaidi mimi, mwenye macho mawili mazima, niliyemnunulia sindano.

"Bibi," nikasema, "itika."

"Ya nini?"

"Anakungoja."

Akanitazama. Akafyonya. Kisha akainua shingo, akapaza sauti iliyovuka ukuta: "Haya, tayari! Pandeni! Na wewe mzee, usinichungulie!"

Kutoka upande wa pili nikamsikia baba akicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu amzike mama kule Mambrui.

Tukapanda. Alinishika mkono akilaumu ngazi za Kihindi kuwa hazina adabu, nami safari hii sikubisha. Ngazi ilizunguka na kuzunguka, na tulipotokea juu akageuka upande wa mashamba, bahari yote kaipa mgongo, akanyoosha kidole kwenye minazi.

"Ule pale! Mnara ule pale!"

Mambrui ilikuwa nyuma yake, nyeupe, na maji mekundu ya Sabaki yakiingia baharini. Nikamshika mabega. "Jua litakuumiza uso, baba. Geuka kidogo huku."

Nikamgeuza. Upepo ukampiga kanzu.

"Eeh," akasema. "Hapa waonekana vizuri zaidi. Na makaburi yale, nyuma ya msikiti."

"Naam, baba."

"Yule bibi wa ua wa nyuma, kajisitiri kweli?"

Nikachungulia chini. Bibi alikuwa kajitanda leso mpaka kidevuni, pamoja na mafuta yote yale ya kichwani, na kaugeukia ukuta.

"Kajisitiri, baba."

"Vyema," akasema, na hata hivyo akainamisha macho, asije akamwona.