Sauti ya Bibi kwa Wanaoanza

Harufu ya makumbi ya nazi yakiungua chini ya chuma cha vitumbua ndiyo iliyokuwa ikiniamsha utotoni, kwetu Msambweni. Bibi, mzaa mama, alikuwa akichoma vitumbua barazani huku akizungumza bila kituo, nami nikidhani sauti ile haitakwisha. Leo ningetoa chochote kuisikia ikiniita tena kwa jina langu, Mwanakombo.

Msimu mmoja wa mvua alitujia Mwalimu Ruth, mwanamke wa bara aliyekuwa akiwafundisha wageni Kiswahili kule Diani. Alitaka sauti za wenyeji za kuwasikilizisha wanafunzi wake, kila mmoja kwa kiwango chake: wanaoanza, wa kati na waliobobea. Kwa wanaoanza, Bibi alitakiwa aseme polepole, neno moja moja. "Mimi ninaitwa Bi Mwanasha. Ninakaa Msambweni. Ninauza vitumbua." Alivyolivuta kila neno, ungedhani anamlisha mtoto uji. Nilicheka hadi nikafukuzwa barazani.

Tabu ilikuwa hodi. Kila mpita njia aliyepiga hodi, Bibi alimwitikia, akamuulizia watoto, mgonjwa na shamba, kinasa sauti kikiwa kinaendelea.

"Bibi, samahani, tungenyamaza kidogo tu," Mwalimu alimwomba.

"Mwanangu, mtu apige hodi asijibiwe? Atadhani nyumba hii haina watu."

Mwishowe Mwalimu alisalimu amri. Sauti ya wanaoanza aliikatakata hata ikabaki safi. Ya waliobobea aliiacha ilivyo, na hodi zake, na kuku wake, na Bibi akinigombeza: "Mwanakombo, hebu toka kwenye moshi, macho hayo utayataka kesho." Mwalimu alisema aliyefika kiwango hicho na awasikie watu kama walivyo.

Bibi amefariki, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrekodi. Nani hurekodi kitu anachokisikia kila siku? Majuzi niliitafuta tovuti ambako Mwalimu aliziweka sauti zile, nikakuta kiwango cha waliobobea hakipo. Nikampigia simu. Alisikitika sana, akanieleza kwamba wanafunzi karibu wote waliishia cha kati, sauti ile ikawa haina msikilizaji, basi wenye tovuti wakaiondoa. Kompyuta alimokuwa ameihifadhi iliharibika zamani. Sikumlaumu. Nilikaa chini tu nikalia.

Ya wanaoanza bado ipo. Huifungua asubuhi nikichoma vitumbua vyangu hapa Ukunda, juu ya gesi, moto usio na harufu yoyote. Majirani zangu hawapigi hodi, hutuma ujumbe kwa simu, na ndani ya sauti ile pia hodi hakuna, wala kuku, wala jina langu. Yupo Bibi peke yake, ananieleza polepole, neno moja moja, anaitwa nani na anakaa wapi, kama mtu ambaye hajawahi kuniona.