Mvuta Mabata

Mji mzima uliishi kwa kuuza vitu ambavyo haukuvitengeneza: ziwa mbele, mlima nyuma. Wageni walishuka kwenye mabasi, wakaupa mlima kisogo, wakajipiga picha. Kisha walienda gatini kukodi boti za pedali zenye umbo la bata, za manjano, zenye midomo mipana na macho ya kushangaa, sawasawa na waliozipanda.

Mzee waliyemwita Kamba alikuwa na kazi ya kuwafuata kwa mashua ya injini wale waliosukumwa na upepo hadi kwenye matete wakaishiwa nguvu. Aliwafunga, akawavuta, na njia nzima akawasema. Mkurugenzi mmoja aliulizwa kama hata ofisini kwake huwa anavutwa. Maharusi waliambiwa kwamba kama bata la plastiki limewashinda, nyumba wasijaribu. Wauza tiketi walikuwa wakisogea ukingoni kumsikiliza, kwa kuwa burudani nyingine mjini hapo ilikuwa kutazama mawingu.

Mdomo huohuo ulimfukuzia binti yake mchumba. Wa kwanza, mwalimu, alipokuja kujitambulisha, Kamba alimwuliza kama mwenye suti anajua iko wapi. Mwalimu hakuonekana tena. Sasa alikuwa anakuja wa pili, karani wa bima, na asubuhi hiyo binti alimzuia baba yake mlangoni.

"Baba, leo tu. Huyu naye ukimfukuza, naondoka naye."

"Kwani mimi nimewahi kumfukuza nani?"

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo uani, alikohoa kikohozi kirefu.

Mchana bata moja lilinasa kwenye matete, siku ambayo hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Ndani yake alikaa kijana amekunja suruali hadi magotini, akipiga pedali kwa bidii upande usiofaa. Kamba alimtambua palepale; binti alikuwa amemwonyesha picha. Kijana yeye hakumjua. Alikuwa amefika mjini mapema mno, akaona apoteze muda ziwani.

"Mzee, fanya haraka basi, kuna wakwe wananingoja."

Kamba alimhamishia kwenye mashua, akalifunga bata nyuma. Kijana hakunyamaza. Alilalamika kwamba usukani ni mbovu, maji yananuka, na mlima wenyewe ni mdogo kuliko ule wa kwenye kalenda. Kila neno lake lilistahili jibu, na majibu yalikuwa yamejaa mdomoni mwa Kamba kama maji ya kusukutua. Aliuma meno akaangalia mbele. Wauza tiketi waliokuwa wamejipanga kusikiliza walirudi vibandani wakidhani mzee anaumwa jino. Kijana aliruka gatini akaondoka mbio, koti lake la buluu likabaki kwenye mashua.

Jioni Kamba aliingia nyumbani kwa mlango wa uani. Sebuleni mgeni alikuwa akimsimulia mama mkwe jinsi alivyolizunguka nusu ya ziwa, na jinsi wenye boti walivyompongeza. Karani wa bima huyo, Kamba aliwaza, hata uongo wake hauelei.

Akatokea na koti mkononi. Kijana aliliona koti kwanza, kisha uso. Akasimama. Binti alimkazia baba yake macho, mikono ameikunja mapajani.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye aliyenivuta, mama. Nilikwama."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Kamba, limeiva, na tamu kuliko yote aliyowahi kuyatoa.

"Marahaba, mwanangu," Kamba akasema. "Upepo wa leo ulikuwa mkali."

Binti akainuka upesi kwenda kuongeza chai. Kamba alikaa, akampa mkwe koti lake, akanywa kikombe kizima bila kuinua macho. Na asubuhi yake, bwana mmoja mnene na familia yake waliponasa kwenye matete, walisemwa hadi gatini, sehemu yao na ya karani.