Mzambarau Karibu na Tangi la Yeyo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua ya Aprili ikiwa imeisha, jirani yangu aliniita uani akiwa na kikombe mkononi. Umeniambia umepata ploti pale Isinya, ukauliza upande miti gani. Nitakujibu, lakini sikiliza kwanza habari ya kikombe hicho.

Nilijenga Kitengela nikiwa kijana, wakati nyumba zilikuwa za kuhesabu. Ploti ilikuwa futi hamsini kwa mia, na jua halikuwa na huruma. Mama yangu alinipa mche wa mzambarau ndani ya kopo la mafuta, nikaupakata kwenye basi kutoka Busia. Kwetu, boma lisilo na mzambarau ni kama limehamwa. Sikuuliza mtu. Niliupanda kwenye kona ya mpakani, ili upande wangu pabaki mahali pa kuanika nguo. Ona ujanja wangu.

Ng'ambo ya ua aliishi mjane wa Kimaasai ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama. Maji ya kisima cha mtaa ni ya chumvi, kwa hiyo ya kunywa na ya chai aliyakinga ya mvua kwa mabati ya paa lake, yakishuka kwenye gata ya ukingoni hadi tangi moja. Mti ulipokomaa, majani yakajaza ile gata. Ndege nao walikula zambarau kwangu, wakaenda kupumzika juu ya mabati yake. Na ndege akishiba, unajua anachoacha.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu Kimaasai Jumamosi ile aliponiita.

"Iko," akaitikia, akininyoshea kikombe. "Baba Nafula, kuja uonje maji yangu."

Yalikuwa meusi kama chai iliyolala, yananuka.

"Haya hayanyweki, Yeyo."

"Mimi nimechemsha nikanywa miaka miwili. Leo yamenishinda, nayamwaga." Kisha akacheka. "Hao ndege wako, chakula ni kwako, choo ni kwangu. Hukuwafundisha adabu?"

Nilicheka naye, lakini moyo uliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha watoto kanisani kumpenda jirani.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Uliniambia huo mti ulipewa na mama yako. Ningeanzia wapi?"

Akafungua mfereji wa tangi. Mvua yake yote ya msimu ule ikaenda kwenye udongo mweusi, tukiitazama. Mpanda ovyo hula ovyo, walisema wazee. Mimi nilipanda ovyo, akanywa jirani.

Wiki hiyo niliukata mzambarau. Nikasugua tangi lake kwa mikono yangu, na tukagawana maji ya tangi langu, lililokuwa mbali na mti, mpaka mvua ya Novemba. Kilichonitisha ni Krismasi, kwa sababu mama alikuwa anakuja.

Alipofika alisimama kando ya kisiki. Yeyo akatuita chai. Mama alimsikiliza akieleza habari ya tangi, akanywa kikombe chote, ndipo akanigeukia: "Nilikupa mche usisahau nyumbani. Kumbe ukamsahau aliye karibu." Siku hiyohiyo alituma niletewe mche wa mlimau, akaniacha niuchimbie shimo mbali na ua.

Mzambarau si mti mbaya, mwanangu. Mimi ndiye niliyeupa mahali pabaya. Shambani kwenye nafasi, upande hata kumi. Lakini kwenye ploti ndogo chagua mti mfupi usiomwaga majani kwa wingi, na ambao tunda lake hungoja mkono: mlimau, au mkomamanga, ambao pia huvumilia ukame wetu. Kabla ya kununua mche, tafuta mti mzima wa aina hiyo ukiwa umezaa, uinamishe macho uone chini yake pakoje. Hapo ndipo utajua ufagio utakaokungoja. Kisha, kabla ya kushika jembe, vuka ua umsalimu jirani, umuulize tangi lake liko wapi. Namshukuru Mungu kwamba Yeyo alikuwa na subira. Si kila jirani atakuonya akicheka.

Bwana aibariki ardhi yako ya Isinya, akuletee mvua kwa wakati wake, na jirani yako akinywa maji yake akutaje kwa wema.