Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu ya Juma Kuu, maji yaliruka kutoka kwenye bilauri na kuunguza mkono wa kulia wa mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani. Kina mama wa parokia walikuwa wamempa vitambaa vya magauni kumi na moja ya Pasaka, na manne tu ndiyo yalikuwa tayari.

Bomba lilikuwa kavu tangu jana yake. Nikachukua bidoni, dumu letu la maji ya akiba, na kummwagia mkono maji baridi taratibu, bila kuacha. Jirani yetu, dereva wa lori kwenye machimbo yaitwayo Mashamba, alisikia kelele akaja kusimama mlangoni.

"Tata, unamaliza maji ya bure. Pakaa dawa ya meno!"

Niliendelea kumwaga.

"Mama, ile mikroonde nilikuambiaka," akamgeukia mke wangu, akionyesha oveni yetu ya maikrowevu. "Inapikaka bila moto. Kitu ya kupika bila moto utaiamini namna gani?"

"Acha mashine, tata. Ile maji ilikuwa haichemke. Niliona na macho yangu, imetulia tu. Nimetia kijiko ya kahawa, njo ikaruka."

"Basi ni cobalt. Huku Kolwezi hata maji iko na minerai. Jaza bidoni, peleka kwa depo ya madini, bakulipe kwa kilo."

Mke wangu alicheka huku machozi yakimtoka. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimfunga bendeji na kumkataza kushika mkasi kwa wiki mbili.

Mimi nilibaki na lile neno la mke wangu: imetulia tu. Mikroonde hiyo tuliinunua kwa fundi mmoja aliyekuwa akihama, ili kupunguza moshi wa makaa, na kwa miezi mingi ilikuwa imepasha maji yetu bila tatizo lolote. Nilimwuliza asubuhi hiyo alifanya nini tofauti. Alifikiri. Bilauri ilikuwa mpya, ya kioo. Na kwa kuwa bomba halikutoa kitu, alitumia maji ya kunywa.

Maji ya kunywa, hapa mtaani kwetu Musonoi, yana desturi yake. Tunaishi kando ya mashimo ya migodi na kila mtu anayaogopa maji. Mke wangu huyachemsha jioni, huyachuja kwa kitambaa, huyachemsha tena asubuhi, kisha huyafunga kwenye chupa. Nilipoanza kusoma kuhusu kuchemka, nilikuta jibu limekaa ndani ya chupa hizo.

Maji hayachemki kwa sababu tu yamepata moto wa kutosha. Mapovu yanahitaji mahali pa kuanzia: hewa kidogo iliyobaki ndani ya maji, au mikwaruzo ya chombo. Sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ina mikwaruzo mingi na joto lake hutoka chini. Mikroonde huyapasha maji yenyewe. Kioo kipya ni laini, na maji yaliyochemshwa mara mbili yamekwisha kutoa hewa yake. Basi yanapita kiwango cha kuchemka yakiwa kimya, na kitu cha kwanza kuingia, hata kahawa, huyaamsha yote kwa pamoja.

Nilitamani kupima. Kwenye mbabula kipimajoto kilisimama kwenye tisini na tano, nikadhani kimeharibika, hadi niliposoma kwamba huku juu hewa ni nyepesi na maji huchemka mapema kuliko pwani. Lakini yale ya bilauri sikuweza kuyapima: kipimajoto chenyewe kingeyaamsha.

"Kwa hiyo mi njo nilikosa?" mke wangu aliuliza. "Juu nilisafisha maji sana?"

"Hapana. Ulifanya vizuri. Hakuna mutu alikuambia ingine."

"Basi nionyeshe."

Jumatano nilifunga kijiko cha chumvi kwenye mpini wa ufagio, tukavaa miwani ya kazini. Yeye ndiye aliyeshika mpini, kwa mkono wa kushoto. Alikataa katakata nimsaidie. Bilauri ya kwanza ilitulia kama picha. Chumvi ilipodondoka, maji yalipiga dari la mashine na nusu yake ikamwagika. Ya pili tuliitia kijiti cha mti kabla ya kuipasha. Ilichemka mbele ya macho yetu, kwa mapovu, na chumvi haikuishtua.

"Kijiti tu?" jirani alisema kutoka nyuma kabisa. "Mama, rudilia ile ya kwanza."

Siku hizi hatupashi maji bila kijiti, na hata hivyo tunaacha bilauri ipoe kidogo ndani kabla ya kuigusa.

Usiku wa Jumatano ile mke wangu alijaribu kushona kwa mkono wa kushoto. Mshono ulikwenda upande, akaufumua. Alhamisi kiongozi wa kina mama alikuja, akamshika bega, akamlipa yale magauni manne, kisha akakunja vitambaa saba vilivyobaki na kuvipeleka kwa fundi mwingine. Kwa dola nane kila gauni, tulipoteza dola hamsini na sita.