Nyumba ya Vyumba Sita, Majengo

Kaka yangu amezaliwa na kiherehere, na simsengenyi, mwenyewe anajua. Aliposikia mzee mmoja mstaafu anauza nyumba ya vyumba sita pale Majengo, vyote vina wapangaji, alikuja mbio kwenye kibanda changu cha mitumba sokoni. Sijamaliza kumwamkia, akanikatiza: "Mdogo wangu, kodi yenyewe italipa mkopo. Sisi tunakaa tu!"

Mkopo ulitaka dhamana, naye kaka hakuwa na kitu zaidi ya pikipiki. Kilichokuwepo ni shamba la mama kijijini, pamoja na nyumba yake iliyomo humo, lenye hati ya kimila. Mama amelima mahindi na ulezi pale tangu alipoolewa. Alimuuliza kaka, "Ukishindwa?"

"Mama, na wapangaji wote wale, nitashindwaje?"

Mama akaweka dole gumba.

Mzee muuzaji alikuwa mpole mno. Alimwomba kaka asizungumze na wapangaji mpaka mauziano yakamilike, wasije wakapanda kichwa. Kaka akaona ni busara. Wakaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, pesa yote ya mkopo ikaenda kwa mzee, na wiki hiyohiyo mzee akahamia kwa watoto wake, mkoa ambao mpaka leo hakuna anayetutajia.

Mwisho wa mwezi tukaenda kukusanya kodi. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa anaosha vyombo uani, akatushangaa.

"Kodi ipi tena, jamani? Si tulishamlipa mzee ya mwaka mzima? Alituomba, eti anauguza."

Tukagonga mlango wa pili, jibu lilelile. Mpaka mlango wa mwisho. Loo, tumepigwa! Mji huu kila mtu anajua kodi inalipwa kwa mkupuo, na kaka mwenyewe amepanga miaka mingi, amelipa hivyohivyo. Lakini kwenye hesabu zake aliona pesa inaingia kila mwezi, hakuuliza mzee ameshakula kodi ya mpaka lini. Nilimtukana palepale mbele ya wapangaji, na sijutii.

Kuwafukuza hatukuweza, wamelipa, wana haki yao. Rejesho la kwanza lilitoka kwenye pikipiki, la pili kwenye mahindi ya mama. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Afisa mikopo alikuwa kijana mstaarabu, kila akija anamwamkia mama shikamoo, na siku ya mnada alimwamkia vilevile. Shamba lilichukuliwa na mfanyabiashara wa nafaka. Deni likaisha, nyumba ya Majengo ikabaki yetu. Watu wananipongeza, eti siku hizi mna nyumba mjini.

Muuza dagaa alipohama, tukamleta mama kwenye chumba chake. Ilikuwa kipupwe, baridi kali. Mama alikaa kitandani amejifunika blanketi, jembe lake tumeliegemeza ukutani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuliweka. Kaka alikuwa anafunga kitasa kipya, amempa mgongo.

Mama akafungua fundo la kanga yake.

"Baba," akamwambia, kwa ile sauti ya heshima anayoitumia kwa watu wa ofisini, "chumba hiki nikulipe ya miezi mingapi?"

Nilidhani anamsimanga. Nikamtazama usoni. Alikuwa anauliza kweli, na noti ameshazinyoosha mkononi.