Moshi wa Majani ya Nyika

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, tulilala nyumba moja na ng'ombe wetu, Kidoti. Huku kwetu mlimani, juu ya Makanya, ng'ombe hakwenda malishoni. Alifungwa ndani, ng'ambo ya jiko, nasi tukamletea majani. Bibi, mama yake baba, alikuwa na sheria: ng'ombe wa mlimani asikanyage nyika. Kule chini, alisema, wapo wenye nyika, watu wasioonekana, na ng'ombe mgeni wakimpata humkaba koo mpaka afe. Hata majani ya kule huyapanda kama mtu apandavyo punda, wakaja nayo. Kwa hiyo yasivuke mlango kabla ya kuona moshi.

Mwaka mmoja mvua ikatukimbia, majani ya mlimani yakaisha. Mama alikuwa ametoka kumzaa mdogo wangu Nakijwa, akashikwa na homa, maziwa yake yakakauka. Mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya Kidoti. Kidoti akikosa, Nakijwa naye basi. Ndipo mimi na bibi tukaanza kushuka nyikani kukata majani, tukapanda na matita kichwani, shingo zikizama mabegani.

"Tembea, mke mwenzangu," bibi alinichokoza. "Babu yako atakuacha kwa uvivu huu."

Tukifika, alichomoa konzi moja ya majani, akaipitisha kwenye moshi wa moto wa uani, akawaambia wenye nyika warudi kwao. Tita zima lililobaki likaingia ndani hivyo hivyo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Baba, mzee wa kanisa, aligeuza uso tu.

Baada ya wiki chache Kidoti akaacha kula. Chini ya masikio akavimba, mwili ukawaka, akahema kama aliyekimbizwa mlima wote.

"Wanamkaba," bibi akasema.

Baba akapandwa na hasira, na hasira zangu nimezirithi kwake. "Si ulifukiza, mama?"

"Nilifukiza."

"Sasa?"

"Sijui, mwanangu."

Baba akashuka kwenye kambi ya utafiti wa mifugo, akarudi na Bwana Mifugo, Mzungu mwembamba. Tulimwogopa. Ilisemekana anafuga sungura na kuwavalisha vifuko vya nguo masikioni, na nani angefanya hivyo kama si mchawi? Nilikuja kujua ukubwani, kwa kujisomea mwenyewe, kwamba mle vifukoni alikuwa akilisha kupe ili awachunguze.

Alimchoma Kidoti sindano kwenye uvimbe, akapaka majimaji yake kwenye kioo ili akayatazame kwa darubini. Kisha akapekua masikio. Kupe tele, wa kahawia.

"Huyu ameshuka nyikani?"

"Hajawahi hata kuiona!" bibi akajibu kwa ukali.

"Basi kupe wamefikaje?"

Bibi akalitazama tita la majani. "Wamepanda majani," akasema, na akaeleza habari ya moshi.

"Mnafukiza majani yote?"

"Konzi moja. Wenyewe wanaelewa."

"Kupe haelewi, mama."

Baba akacheka. Nilitamani kumng'ata. Bibi hakucheka wala hakununa. "Bibi yangu mimi," akasema taratibu, "aliyatandaza yote darini, juu ya moto, mpaka yakauke. Mama yangu akaona ni kazi kubwa. Akabakiza konzi."

"Hiyo ya dari inafaa?" baba akamuuliza mgeni.

"Sijui. Sijaijaribu. Ila nadhani hii ni ndigana, homa inayoletwa na kupe, na dawa yake hatuna."

Nikampenda kwa ile "sijui" yake. Mpaka leo mtu akinidanganya kwa upole namfukuza. Akiniambia ukweli mchungu nampa kiti.

Kidoti akafa. Sauti ya Nakijwa ikawa nyembamba, na mama akaacha kututazama usoni. Jirani yetu akaja na ng'ombe wake mwenye maziwa kutuwekea, kama desturi yetu: maziwa mnakunywa, ndama ni wa mwenyewe. Alisimama mlangoni na kamba mkononi, hakuiachia.

"Huyu mtamlisha nini?"

"Majani ya darini," bibi akasema. "Yote. Hata jani moja halitapita bila kukaa juu ya moto."

Jirani akamtazama sana, kisha akaiachia kamba.

Siku hizi wajukuu zangu husema bibi alikuwa mtaalamu kabla ya wataalamu. Nakasirika. Hakuwa. Kupe aliwaona, akawadharau. Wengine husema alikuwa mjinga, hapo nakasirika zaidi. Mwanamke yule aliambiwa mbele ya mwanawe kwamba desturi yake haikutosha, mjukuu akiwa na njaa ndani, na kesho yake, kwa magoti yake mabovu, akapanda darini. Wangapi wetu tungepanda?

Wenye nyika aliendelea kuwafukuza, kila tita, akikohoa moshi. Nakijwa akanywa maziwa yale mpaka akaota meno.